Hatunyamazi Tena

Kila asubuhi mjini Abeokuta, Abeni alikaanga akara, yaani bajia za kunde, mbele ya nyumba yake. Mama yake, Bibi Asabi, alichambua kunde. Binti wa Abeni, Ireti, wa miaka saba, aliwafungia wateja bajia.

Ireti hakujua Kiyoruba. Abeni alikipiga marufuku nyumbani, kwa sababu shuleni mtoto akikizungumza alivishwa kibao cha aibu shingoni. Abeni mwenyewe alikivaa utotoni.

Siku moja karai liliinama. "Ireti, toka hapo! Mafuta!" Bibi alipiga kelele kwa Kiyoruba. Ireti akamtazama tu, akatabasamu. Mafuta yakamuunguza mkono.

Kwenye zahanati, Nesi Folawe alimfunga bandeji.

"Hakuna aliyemwonya?" aliuliza.

"Bibi yake alimwonya," Abeni alijibu kwa aibu. "Mtoto hasikii Kiyoruba. Nataka ajue Kiingereza, afike mbali."

"Mama Ireti, nani kakudanganya kwamba kichwa cha mtoto kina chumba kimoja? Wanangu wana lugha zote mbili. Mtoto aliyeshika vizuri lugha ya kwao hujifunza nyingine kwa urahisi. Zungumzeni naye kila siku. Bibi amsimulie, amwimbie. Akikosea, mrekebisheni kwa upole."

Wakaanza siku hiyohiyo. Baada ya wiki kadhaa, Ireti alitaka kumuuliza Bibi habari za mumewe. Kwa Kiyoruba, "mume" na "jembe" hutofautiana kwa kupanda kwa sauti tu. Sauti ya Ireti ikapanda pasipotakiwa, akauliza habari za jembe lake.

"Jembe langu liko shambani," Bibi alisema. "Babu yako ndiye aliyefariki!" Wakacheka wote. Kisha Bibi akalirudia neno polepole, na Ireti akalifuata.

Baada ya miezi mitatu, Ireti alizungumza Kiyoruba shuleni, akavishwa kibao. Abeni akaenda shuleni akiwa bado amevaa aproni yake.

"Sheria ni sheria, mama," alisema mwalimu mkuu.

"Sheria ya kumwaibisha mtoto kwa lugha ya bibi yake? Mimi nilinyamaza. Huyu hanyamazi!" Akamvua Ireti kile kibao, akakiweka mezani.

Wiki iliyofuata alirudi na wazazi kumi na wanane. Walikaa ofisini mpaka mwalimu mkuu alipokubali kuifuta sheria ile. Tena alikubali kwamba kila Ijumaa Bibi Asabi afundishe Kiyoruba hapo shuleni.

Ijumaa ya kwanza, Ireti alipiga magoti kwa heshima, kama ilivyo desturi ya Wayoruba, mbele ya darasa, akazitaja sifa za ukoo wao, jina baada ya jina. Hakunong'ona. Watu waliokuwa barabarani walisimama kumsikiliza.