Kuta Alizozibomoa Fermín

Ving'ora vya tahadhari ya tetemeko vilipolia katika soko la Portales, jijini Mexico, Fermín Arriaga alikuwa na sinia la mikate mitamu kichwani, na akili yake yote ilikuwa kwenye sinia. Watu waliacha nyanya, waliacha nyama kwenye mizani, wakamiminika barabarani. Yeye akatoka mdogo mdogo kama bibi harusi, asije akamwaga.

"Wewe kaka! Tupa hilo sinia ukimbie!"

Aliyemfokea alikuwa mwanamke wa gauni la rangi ya haradali na, chini yake, mabuti ya kazi yaliyojaa vumbi la saruji. Alimvuta hadi katikati ya barabara, mbali na nyaya na vioo. Mara ardhi ikayumba. Nguzo za taa zikacheza. Sinia likaanguka.

"Mikate yangu!"

"Pole. Ila wewe mzima." Akaokota mmoja, akaupuliza, akauma. "Mh! Nani kaoka?"

"Mimi."

"Basi sijapoteza nguvu zangu bure."

Fermín alicheka. Mwanamke huyo aliitwa Citlali, injinia; kazi yake ilikuwa kupima majengo ya zamani kama yatahimili tetemeko.

Tangu siku hiyo simu hazikupoa.

"Umekula, mwokaji wangu?"

"Nitakulaje, na wewe uko huko kwenye mapaa ya watu?"

"Leo niko chini, napima tope."

"Tope limenizidi nini?"

"Halibishi." Kisha alimweleza: jiji la Mexico limekaa juu ya ziwa lililokauka. Tetemeko la pwani likifika kwenye tope lake, hulitikisa kama uji bakulini, na maghorofa yanacheza nalo.

Jumapili moja Fermín alivaa shati jeupe, akamkaribisha nyumbani. Duka la mikate lilikuwa chini, juu yake ghorofa tatu za wapangaji, na juu kabisa aliishi mama yake, doña Refugio. Citlali aliingia akitabasamu. Tabasamu likafa. Alitazama dari, akagusa nguzo.

"Hapa palikuwa na ukuta."

"Kuta mbili. Nilizibomoa mwaka jana, duka lilikuwa finyu. Si unaona lilivyopendeza?"

"Fermín, ghorofa zote zimebaki juu ya hivi vinguzo. Jengo likisukumwa, hakuna cha kulizuia lisilale. Na mama yako yuko juu."

"Juzi tulitikiswa. Lilianguka?"

"Lile la juzi lilikuwa dogo."

Damu ikamchemka. "Kwani wewe ulikuja kunipenda au kunikagua?"

"Kwangu mimi ni kitu kimoja."

"Basi kakague kwingine!"

Citlali akaondoka bila kuaga.

Amani nayo ikaondoka. Kila lori lilipopita, vioo vya duka vililia, moyo wa Fermín ukaruka. Alizishika nguzo kwa viganja, akajidanganya kuwa ni nene. Alimwandikia Citlali ujumbe, akaufuta, akauandika tena. Unga ukaumuka kupita kiasi, mikate ikaungua.

Asubuhi moja alirudi kutoka sokoni akamkuta Citlali dukani, kofia ngumu kichwani, fundi wake akitoboa nguzo kupima saruji yake.

"Nani kakuruhusu kuingia humu?"

"Mimi," ilisema sauti ngazini. Doña Refugio alikuwa anashuka, aproni kiunoni. "Nyumba ni ya nani, mwanangu?"

"Mama..."

"Tetemeko la mwaka themanini na tano lilipoangusha nyumba, nilisimama mbele ya kifusi nikimwita dada yangu Amparo. Aliitika. Kesho yake nikamwita, hakuitika. Huko kuitika kwake sijawahi kumwambia mtu."

"Mbona ulinyamaza nilipobomoa?"

"Ulikuwa na furaha. Nikasema, mtoto amekuwa mtu mzima, atakuwa anajua anachofanya."

Fermín alikaa juu ya gunia la unga. Bila kuinua uso, aliuliza, "Inarekebishwaje?"

"Kuta zirudi," Citlali alisema. "Na vyuma vya kupishana msalaba kati ya nguzo. Duka litabaki nusu. Na wote wahame mpaka tumalize."

Fermín alipanda ngazi mwenyewe, akabisha mlango kwa mlango, akawaeleza wapangaji alichowafanyia. Don Baltazar wa ghorofa ya pili alimwita muuaji mbele ya wajukuu zake. Fermín alimbebea kitanda hadi kwenye gari.

Nyumba ilipobaki tupu na mafundi wakichomelea vyuma, alimfuata Citlali kati ya vumbi na cheche.

"Siku ile nilikufukuza. Nilikuwa naogopa kwamba unasema kweli."

"Najua. Nililia njia nzima, mjinga wewe."

"Citlali, kipenzi, nioe mimi, au nikuoe wewe, vyovyote utakavyo. Sema tu ndiyo."

Alimtazama, akaitazama nguzo iliyokuwa bado haijafungwa chuma.

"Ndiyo," alisema. "Sasa toka chini ya hii dari, mume wangu. Tutabusiana nje."