Nira Tano za Mehitabel

Kila asubuhi, kabla ya uji wa mahindi, Mehitabel Thorne aliwafunga nguruwe wao watano nira za mti shingoni, wasipate kupenya kwenye mashamba ya watu. Sheria ya kijiji chao cha walowezi ilitaka hivyo. Lakini nguruwe walipiga makelele na kumburura matopeni, na Jumatatu moja akawaachia hivyo hivyo. Ulikuwa uvivu tu, hakuna zaidi.

Nguruwe wakavuka kijito, wakafukua mashimo ambamo wenyeji, watu waliokuwa nchini kabla ya walowezi, waliweka mahindi yao ya majira ya baridi. Wenyeji wakawaua wote kwa mishale. Baba yake, Obadiah, alipomuuliza, Mehitabel alisema aliwafunga nira, labda wenyeji ndio waliozivua. Neno hilo likapita nyumba hadi nyumba, likinenepa kila mlango. Kufikia Alhamisi, wenyeji walikuwa wezi wanaotaka vita.

Ijumaa ngoma ikalia. Wanaume walikusanyika uwanjani na bunduki, wakapiga kura kama ilivyo desturi, wakamchagua Obadiah kuwa kapteni wa kuwaongoza vitani. Alikuwa fundi mapipa tu. Aliposhuka melini miaka kumi na miwili nyuma, mahindi ya wenyeji hao hao ndiyo yaliyomvusha baridi ya kwanza. Akavishwa mshipi mwekundu wa kapteni.

Mehitabel alishindwa kuvumilia. Alizitoa nira ghalani, akazibeba hadi uwanjani, akaungama mbele ya wote.

Obadiah akawaomba watu warudi makwao, yeye atalipa mahindi kutoka ghala lake. Jirani yao Eliakim Pratt akacheka.

"Fundi, tumeshajaza baruti, ndipo unatuletea habari za nguruwe?"

Wakapiga kura tena. Mshipi ukahamia kiunoni mwa Eliakim, na ngoma ikaelekea kijitoni.

Alasiri moshi ulipanda ng'ambo ya kijito, kwenye nyumba za wenyeji. Mehitabel alilia, akamuuliza baba yake kama hakusema kweli.

"Umesema, mwanangu, na usiache kuisema," Obadiah alijibu. "Lakini ungeisema Jumatatu, ingetugharimu magunia mawili ya mahindi. Leo haina wa kuipokea. Uwongo wako ulikuwa mdogo, ila uliwakuta watu wazima wakiutafuta."

Akaokota nira tatu, Mehitabel akachukua mbili, wakarudi nyumbani kwenye zizi tupu.