Mama Nyiramana Ajifunza Kuvuta Polepole

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kupalilia viazi, Nyiramana wa kijiji cha Bihambwe aliwasha kiko. Vilima vya Masisi vina baridi na unyevu. Kiko kisipovutwa kwa nguvu, tena na tena, moto wake huzima. Nyiramana alivuta hivyo kwa miaka thelathini.

Sasa alikohoa shambani, alikohoa kanisani, na pua yake haikusikia tena harufu vizuri. Josiane, muuguzi wa kituo cha afya, alimpima na kumwambia waziwazi:

"Mama, mapafu yako imechoka. Ukiendelea na kiko, hautaweza tena kupanda kilima."

Nyiramana alijaribu kuacha mara tatu. Mara zote alishindwa. Ndipo binti yake, Murekatete, akamnunulia sigara ya umeme huko Kitshanga. Haina moto wala majani. Ina betri, waya mdogo, pamba, na maji yenye nikotini na ladha ya vanila. Waya hupata joto, maji ya kwenye pamba hugeuka mvuke, na mtu huvuta mvuke huo.

Siku ya tatu Nyiramana aliitupa kwenye mkeka.

"Hii kitu iko mubaya! Naonja kitambaa ya kuungua. Nirudishie kiko yangu!"

"Mama, kwa karton waliandika vanille."

"Basi vanille yenyewe waliichoma mbele ya kuiuzisha!"

Murekatete aliogopa. Mama yake akirudia kiko mara hii, hataacha tena. Akaenda kumwita Josiane.

"Vuta nione, Mama," akasema muuguzi.

Nyiramana akavuta, akavuta, akavuta bila kupumzika, mashavu yakiingia ndani. Josiane akacheka.

"Unalinda moto gani? Humu hamuna moto."

"Nisipovuta nguvu, itazima!"

"Kiko njo inazima. Hii inakungojea." Josiane akaifungua. "Ona pamba. Inakunywa maji polepole, kama utambi wa taa. Ukivuta mbio mbio, inakauka, waya inaichoma. Njo ile ladha mubaya. Tena ule moshi unaumiza mapafu."

Alitoa pamba iliyoungua pamoja na waya wake, akaweka mpya kutoka kwenye katoni, akaacha ilowe dakika kumi.

"Sasa vuta kama unakunywa chai ya moto. Hesabu tatu. Mvuke ukae kwanza mu kinywa. Utoe polepole, harufu utaisikia mu pua. Kisha weka chini, upumzike."

Nyiramana alijaribu.

"Eh! Kumbe iko tamu!"

"Utamu usikudanganye, Mama. Hii haiko dawa. Nikotini inafunga muntu, na haya maji ni sumu kwa mutoto. Muntu mwenye hajavuta tumbaku, asiiguse. Kwako iko ngazi ya kushuka tu."

Siku hiyohiyo Nyiramana alivunja kiko chake kwa jembe. Kadiri miezi ilivyopita, Murekatete alinunua maji yenye nikotini iliyozidi kupungua. Jirani yao Kayitesi alipoomba kuonja, Nyiramana alikataa.

"Weye pua yako ingali nzima. Iache hivyo!"

Baada ya miezi sita aliacha hata sigara ya umeme. Kikohozi kilikuwa kimepungua sana.

Asubuhi moja Murekatete alipita na jagi la maziwa.

"Hayo imeanza kuchacha," akasema Nyiramana.

Murekatete akanusa. Hakusikia kitu. Akaonja kidogo, akakunja uso.

"Mama, umejuaje?"

"Nimesikia harufu," akajibu Nyiramana. Akaomba jagi, akanusa tena.