Mjomba Aliyekataa Kuku

Likizo ya Agosti, kwetu mtaa wa Jericho, Jumamosi ilikuwa siku ya kufua. Asubuhi hiyo nilikuwa uani nikisugua soksi za kaka yangu, soksi ambazo zingeweza kusimama zenyewe. Mama alikuwa ndani akishona sare za shule kwa cherehani ya kukodi.

Cherehani hiyo ilimkera. Mwenye nayo alikuwa mama mmoja wa Kariokor, na kila mwisho wa mwezi, akilipa kodi, Mama alilalamika hadi masikio yakatuuma. Ndiyo maana alikuwa akiweka akiba benki, ili anunue yake. Mwaka huo wa 1996 fedha zilikuwa karibu kutosha, na benki ilikuwa imempa kadi mpya ya kutolea pesa kwenye mashine, pamoja na namba ya siri. Weee! Mama aliringa na kadi hiyo! Aliwaonyesha majirani wote pale bombani hadi nikaona haya.

"Hodi wenyewe!"

Mlangoni alisimama mwanamume aliyevaa tai, faili kwapani.

"Wewe ndiwe Asenath? Naitwa Walter, nimetumwa na benki. Pole sana, mama. Kadi zote mpya zina kasoro. Yako isipobadilishwa kabla ya saa sita leo, pesa zako zitapotea. Nipe kadi na ile namba ya siri nikusaidie upesi."

Mama alishika kichwa. "Uuwi! Cherehani yangu!"

"Usiogope, dada," mgeni akaongeza. Bila shaka alikuwa amesikia mengi bombani, hata kwamba kwao Mama ni Mbale. "Mimi pia ni wa Mbale, wa ukoo wenu kabisa. Siwezi kumwacha ndugu yangu aumie."

Angesema neno lingine lolote, labda angefaulu. Lakini uso wa Mama ulichangamka papo hapo.

"Kumbe ni ndugu yangu! Muhonja, njoo umsalimu mjomba wako, kisha uniletee ile kadi iliyo chini ya godoro."

Nilifuta povu mikononi, nikamsalimu. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Nikiwa chumbani nikiinua godoro, nilimsikia akiuliza namba, na Mama akaanza kuitaja.

"Nne, saba..." Kisha akakatiza. "Ngoja kwanza! Mimi nimekuwa mtu gani? Ndugu yangu amefika na sijampa hata maji! Muhonja, mkamate yule kuku mwekundu!"

"La, dada, sitakula. Nina haraka."

"Basi chai."

"Hata chai sitaki. Malizia namba tu."

Kwetu, ndugu wa kiume hakatai chakula nyumbani kwa dada yake. Akikataa, maana yake kuna ugomvi, na ugomvi huo lazima umalizwe kabla ya kuzungumza jambo lingine. Mama alijitupa kitini, machozi yakimlengalenga.

"Nimekukosea nini, ndugu yangu?"

"Hujanikosea chochote."

"Basi mbona unakataa kuku wangu? Nani amekuletea maneno? Sema!"

"Dada, pesa zitapotea!"

"Wacha zipotee! Nitalalaje na ndugu yangu amenuna?"

Mimi nilikuwa nimesimama penye pazia la chumba, kadi mkononi. Kuingilia mazungumzo ya wakubwa ni kujitafutia kofi. Lakini nilimwona yule mtu vizuri. Dada yake alikuwa analia, naye anatazama saa yake na mlango! Nilijua kwamba nikimpa ile kadi, Mama atakodi cherehani mpaka azeeke.

"Mjomba," nikasema, "babu yetu wa Mbale anaitwa nani?"

"Babu... si yule mzee... Dada, mtoto wako hana adabu!"

Nilifumba macho nikingoja kofi. Halikuja. Mama alijipangusa machozi, akamtazama mgeni polepole, kutoka viatuni hadi kwenye tai.

"Mjibu mtoto."

"Nitarudi Jumatatu."

"Keti! Baba Muhonja yuko njiani kutoka kazini Industrial Area. Naye atafurahi kumjua shemeji yake."

Ajabu, haraka ikamzidi. Alitoka mbio, akakanyaga beseni langu, maji ya sabuni yakamrukia suruali nzima. Watoto wa uani walimzomea hadi barabarani.

Jumatatu tulikwenda benki. Karani mmoja, Bi Teresiah, alimsikiliza Mama kwa makini na hakucheka, isipokuwa tulipofika kwenye habari ya kuku.

"Mama," alisema, "benki haitumi mtu mtaani kuchukua kadi. Na hakuna mfanyakazi wetu anayehitaji kujua namba yako ya siri, awe meneja, awe mimi hapa. Anayeiuliza ni mwizi, hata akiwa na tai, hata akikuita dada. Tena akikuharakisha, simama. Hataki upate nafasi ya kufikiri. Ukiwa na shaka, njoo hapa mwenyewe utuulize. Sasa, kwa kuwa ulimtajia nusu, tuibadilishe."

"Ubarikiwe, binti yangu!" Mama akasema kwa furaha. "Hiyo ya zamani ilikuwa nne, saba, mbi..."

Nilimziba mdomo kwa kiganja, mbele ya foleni nzima. Bi Teresiah alicheka hadi akaegemea meza, na Mama naye akacheka chini ya mkono wangu.

Kwenye mashine iliyokuwa nje ya benki, Bi Teresiah alituonyesha pa kubonyeza, kisha akatugeuzia mgongo. Mimi nilibaki begani kwa Mama. Kidole chake kikasita.

"Nawe pia geuka, Muhonja."

"Mimi, Mama? Mimi niliyekuokoa?"

"Wewe uliyeniokoa," alijibu, akinishika shavu. "Nakupenda kuliko watu wote wa Jericho, na namba hii hutaijua."

Nikageuka, nikatazama barabara pamoja na Bi Teresiah.