Yakuti Iliyopasuka Motoni

Kila alasiri akitoka shule, Chapuchapu alipita dukani kwa baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo alibandikwa na wenzake darasani, kwa sababu vidole vyake vilikimbia juu ya simu kama kuku anayedonoa mtama. Baba yake alikuwa sonara. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chembamba: mbele kabati la kioo, nyuma meza ya kazi yenye ngozi iliyoning'inizwa chini yake ili unga wa dhahabu usipotelee sakafuni. Chapuchapu aliikung'uta ngozi ile kwa brashi, akakusanya unga kwenye kikopo, kisha akashika simu ya duka.

Simu ndiyo iliyompa cheo. Baba alivijua vito vilivyo, lakini maandishi madogo ya simu yalimpiga chenga. Kwa hiyo walipohitaji kito cha rangi kutoka kwenye mnada wa mtandaoni, baba alisema na binti akaandika.

Siku moja aliingia mkunga mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Mkunga, kwani nusu ya watoto wa pale walipokelewa na mikono yake. Alivua pete kidoleni. Juu yake palikuwa na kucha nne za dhahabu zilizoshika hewa tupu.

"Yakuti yake ilidondoka wodini nikiwa kazini, sikuiona tena," alisema. "Mjukuu wangu anaolewa mwisho wa mwezi ujao. Nimemlea tangu mama yake afariki. Nataka nimvishe pete hii mimi mwenyewe, ikiwa nzima."

"Atavaa, bibi," baba alimjibu. "Niachie mimi."

Bibi alipoondoka, baba alimgeukia binti yake. "Sikiliza, mwanangu. Picha ya jiwe hupakwa rangi kama bibi harusi. Muulize muuzaji kama yakuti imejazwa kioo kwenye nyufa zake. Akupe namba ya cheti cha maabara, nasi tuihakikishe kwa maabara wenyewe. Akubali kurudishiwa jiwe tusiporidhika. Na malipo yapitie palepale mnadani, si pengine. Akikataa hata moja, achana naye."

"Sawa, baba. Kazi ndogo hiyo!"

Kesho yake baba alikwenda kununua gesi, akamwacha dukani peke yake. Chapuchapu aliona mawe mawili mnadani. Moja lilikuwa dogo, wekundu wake wa kufifia, lina cheti. La pili lilikuwa kubwa, jekundu kama kaa la moto, na bei yake ilikuwa sawa na ya lile dogo. Zilibaki dakika sita mnada ufungwe. Alianza kuandika maswali ya baba, lakini ujumbe wa muuzaji ukamwahi: "Dada, wanunuzi ni wengi. Ukinilipa moja kwa moja, nje ya mnada, nalitoa sasa hivi, liwe lako."

Alimwona Bibi Mkunga akishangaa, akamwona baba akimsifu mbele ya wateja. Akayafuta maswali. Akalipa.

Baba aliporudi aliuliza, "Umemuuliza yote?"

"Yote, baba." Neno lilimtoka kirahisi hata yeye mwenyewe akashangaa.

Jiwe lilifika baada ya wiki tatu. Baba aliliweka chini ya taa, akalitazama kwa kioo cha kukuzia. Aligeuza, akageuza tena.

"Naona vipovu humu ndani," alisema polepole. "Cheti kiko wapi?"

"Kinakuja kwa barua pepe."

"Na alisemaje kuhusu kujazwa kioo?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli, tena nafasi pana. Chapuchapu alitazama brashi yake. "Alisema halikujazwa."

Baba akakiweka kile kioo chini. "Haya. Labda macho yangu yamechoka."

Siku mbili kabla ya harusi, baba alilipachika jiwe kwenye pete. Ukucha mmoja ulikuwa umelika, ukahitaji kuongezwa dhahabu. Yakuti halisi huvumilia moto, kwa hiyo hakulitoa jiwe. Aliwasha bomba la gesi, akausogeza mwali. Pakasikika mlio mdogo, tik! Jiwe likapasukapasuka kama kioo cha dirisha kilichopigwa kokoto, wekundu ukageuka ukungu, na tone la kioo kilichoyeyuka likachuruzika juu ya dhahabu.

Baba alizima moto. Akalikwangua lile tone kwa ncha ya kisu. "Moto ni wangu, kosa ni langu," alisema.

Bibi Mkunga alikuja kesho yake. Baba alimpa pete iliyo tupu. "Nimeliharibu mimi, bibi. Nimelichoma."

"Wewe?" Bibi alimkazia macho. Wateja wawili walikuwa wanasikiliza. "Kumbe ni kweli wanavyosema, fundi umeshachoka. Ungeniambia mapema nimpelekee mwingine." Aliifunga pete kwenye leso, akatoka bila kuaga.

Baba alianza kuvikusanya vifaa vyake, akimwambia mteja mmoja awaone mafundi wengine kwa kazi za vito. Chapuchapu alisubiri wateja watoke.

"Baba, si moto wako. Sikumuuliza kitu. Nilimlipa nje ya mnada. Cheti hakipo."

Baba aliacha kukusanya vifaa. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. "Mwandikie muuzaji," alisema tu.

Akaunti ya muuzaji ilikuwa imefutwa. Wasimamizi wa mnada walijibu kwa mistari miwili: malipo hayakupitia kwao, hawana la kufanya.

Harusi ilipita. Bibi Mkunga alimvisha mjukuu wake pete isiyo na jiwe, na waliokuwepo waliona.

Baba aliuza mashine yake ya kubana dhahabu iwe bamba, apate fedha za jiwe jingine. Tangu siku hiyo kazi ile aliifanya kwa nyundo, na jioni alishindwa kuinua bega. Wakakaa pamoja mbele ya simu. Safari hii Chapuchapu aliandika kila swali, wakaipigia maabara kuthibitisha namba ya cheti, wakalipa mnadani. Likaja jiwe dogo, lisilo la kujisifia, lakini la kweli. Walilipeleka wote wawili, na Chapuchapu akasimama mlangoni kwa Bibi Mkunga akayasema yote, machozi yakimchuruzika.

Bibi aliligeuza jiwe kwenye mwanga. "Fundi, nisamehe kwa nilichokutamkia mbele za watu," alisema. Kisha akamgeukia msichana. "Na wewe, asante kwa kusema. Jiwe nimelipata. Ile siku sikuipata, wala hakuna duka linaloiuza."

Walirudi kwa miguu hadi karibu na duka. Hapo baba akasimama.

"Yule muuzaji ni mwizi, na wezi wa mtandaoni tunajikinga nao: tunauliza, tunahakiki, tunalipa panapostahili. Kinga hizo nilikufundisha. Lakini mwanangu, mimi niliviona vile vipovu. Niliviona kwa macho yangu, nikayaacha macho yangu nikakuamini wewe. Ungesema umekosea, ningekusaidia siku ileile. Uongo ulinifunga mikono."

"Utaniamini tena, baba?"

"Nitakuamini. Si leo." Alifungua kufuli, akaitia simu mfukoni mwake. "Ingia, ukung'ute ngozi."