Dhambi Isiyopokelewa Langoni

Jumatatu asubuhi Nyaradzo alikaa kunywa uji akiwa na alama nne nyekundu kwenye shavu moja, na ya tano, fupi, kwenye shavu la pili.

"Mama Nyaradzo, umempiga mtoto?" Tapfuma alimuuliza mkewe, Sekesai.

"Kwa vidole hivi? Hebu pima."

Walipima. Mkono ule ulikuwa wa msichana wa miaka kumi na miwili hivi. Sekesai akainamia sufuria ya uji, kwa kuwa aliujua.

Kufikia Alhamisi mtoto alikuwa hasemi tena. Chumba chao mjini, katika mtaa wa Sakubva, kilinuka mahindi makavu na mavi ya panya, harufu ya ghala, na mchana kweupe, huku majirani wakitaniana bombani, Sekesai alisikia nyuma ya kabati mtoto mwingine akihema kwa pua, kwa shida, na juu ya pumzi hizo sauti yake mwenyewe ya utotoni ikibembeleza, nyamaza, mdogo wangu, nyamaza, wanapita sasa hivi, mpaka kuhema kukafifia naye akajikuta amepiga magoti akikwaruza mbao kwa kucha.

Jioni alimweleza Tapfuma yote. Katika kanisa la kwao mlimani, kukubali dawa kulikuwa kumkana Mungu. Manesi wa chanjo walipokuja, yeye, akiwa na miaka kumi na miwili, alimficha ghalani mdogo wake Maidei, wa miaka mitatu, akamziba mdomo kwa kiganja. Mwezi uliofuata surua ikamchukua Maidei. Sekesai alisifiwa mbele ya kusanyiko zima.

"Bibi yangu angesema marehemu anataka kosa litajwe hukohuko," Tapfuma alinong'ona.

"Tangu nitoroke, huko wananiita maiti."

"Basi maiti akaseme. Mtoto anakatika pumzi."

Jumamosi walifika mlimani, kwenye lango la mawe la kanisa hilo, ambapo haingii mtu kusali kabla ya kutaja dhambi zake mbele ya manabii.

"Viatu, dada," alisema nabii mzee. "Naona dunia imekunenepesha."

Sekesai alivua. "Nilimficha Maidei manesi walipokuja. Nikamziba mdomo. Akafa."

Mzee alingoja. "Na dhambi?"

"Ndiyo hiyo."

"Huo ni utii, mwanangu. Taja dhambi, upite."

Alirudia mara tatu, na mara tatu hawakuipokea, na Nyaradzo, mgongoni kwa baba yake, alianza kutupa miguu, midomo ikigeuka buluu, hata mama yake Sekesai, aliyezeeka ndani ya kanzu yake nyeupe, akatoka kwenye safu ya wanawake.

"Mwacheni," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimtuma mimi. Nilisikia gari la manesi, nikamwambia, mzibe vizuri. Ipokeeni kwangu, maana mimi..."

Hakumaliza. Midomo yake ilifumbwa, mashavu yakabonyea chini ya vidole visivyoonekana kama unga uliokandwa, na macho yake yakamtafuta binti yake.

"Baba, nataka maji," alisema Nyaradzo.

Wanawake walimkimbilia yule mama. Sekesai alibaki amesimama peku. Midomo ya mama yake ilipofumbwa, furaha ilikuwa imemjia kwanza, kubwa, kabla ya hofu, kabla ya huruma. Na hiyo hakumtajia mtu yeyote, hata Tapfuma.