Sekela Amtafutia Mdogo Wake Jina

Juzi tu, Sekela alikuwa mtoto wa mwisho nyumbani. Sasa alikuwa dada.

Nyumba yao ilikuwa Rungwe, mlimani, katikati ya migomba na mashamba ya chai. Asubuhi ukungu uliingia mpaka jikoni. Bibi aliufukuza kwa upindo wa kanga yake. "Toka, toka! Humu kuna mtoto mchanga!"

Mtoto mwenyewe alikuwa wa kiume. Vidole vyake vilikuwa vidogo kama punje za mahindi. Alijua kunyonya, na alijua kulia.

Nyaa! Nyaa! Nyaa!

Lakini hakuwa na jina.

"Mtoto, njoo unyonye," alisema Mama.

"Mtoto, nyamaza basi," alisema Baba.

"Mtoto, umelowa tena!" alisema Bibi.

Jumapili mtoto angebatizwa. Kanisani kwao, mama ndiye humbeba mtoto, na mama ndiye huulizwa jina lake. Na Jumapili ilikuwa inakuja mbio.

Jina gani, jina gani?
Mtoto wetu aitwe nani?

"Jina ni la kuitwa," alisema Bibi, huku akikoroga ndizi kwenye chungu. "Haliwezi kuchaguliwa kimyakimya. Sekela, wewe una sauti. Simama mlangoni. Kila jina tutakalolitaja, liite, tulisikie."

Sekela akasimama mlangoni. Akajinyoosha. Hiyo ilikuwa kazi kubwa.

Baba akaanza. "Tumwite Lusajo. Maana yake ni baraka."

"Zuri," alisema Mama.

Sekela akavuta pumzi. Akaita:

"Lusajooo!"

Pata, pata, pata! Akaja Lusajo wa nyumba ya jirani, na andazi mdomoni.

Pata, pata, pata! Akaja Lusajo wa kule kisimani, na ndoo kichwani.

Akaja na Lusajo fundi baiskeli, na spana mkononi. "Nani kaniita? Baiskeli ya nani imeharibika?"

"Hakuna, ndugu yangu," alisema Baba. "Tulikuwa tunajaribu jina tu."

"Jina langu mmelijaribu, mkalionaje?"

"Linafanya kazi vizuri sana," alisema Baba.

Wale wote wakaondoka wakicheka. Baba akajikuna kichwa. "Wamejaa," alisema.

"Na darasani kwetu wamo," alisema Sekela. "Mwalimu anawaita Lusajo Mrefu, Lusajo Mfupi na Lusajo Kamasi."

"Kamasi!" Mama akamkumbatia mtoto. "Wangu mimi hataitwa Kamasi!"

Jina gani, jina gani?
Mtoto wetu aitwe nani?

Mara akafika Shangazi Tumpe, dada yake Baba, kutoka mjini Mbeya. Alibeba mfuko wenye sabuni, nepi na kofia ndogo ya sufu.

"Shikamoo, Shangazi!"

"Marahaba, Sekela. Wifi yangu, hongera! Mtoto anaitwa nani?"

"Bado," alisema Mama.

"Bado? Mnangoja aote ndevu? Siku hizi kuna majina mazuri mjini. Mwiteni Jayden!"

Sekela akavuta pumzi. Akaita:

"Jeideniii!"

Hakuja mtu. Kuku mmoja aligeuza shingo, akatazama, akaendelea kudonoa. Ko, ko, ko.

"Mnaona?" alisema Shangazi. "Hakuna mwingine mlima mzima. Atakuwa peke yake!"

Baba akachukua kipande cha mkaa. Akaandika kwenye boksi: Jeideni.

"Siyo hivyo, kaka!" Shangazi akachukua mkaa. Akaandika: Jayden.

"Nesi wa kliniki aliliandika hivi kwa mtoto wa rafiki yangu," alisema Mama. Akaandika: Jaideni.

Bibi akavaa miwani yake. Akasoma polepole. Akahesabu kwa kidole.

"Mimi naona majina matatu," alisema. "Kwani tumezaa mapacha watatu na sikuambiwa?"

Baba akacheka. Mama akacheka. Hata Shangazi akacheka, kidogo tu.

"Maskini mwanangu," alisema Mama. "Kutwa atakuwa anawasahihisha watu."

Jina gani, jina gani?
Mtoto wetu aitwe nani?

Mvua ikaanza. Cha, cha, cha, juu ya bati. Sekela akakaa karibu na moto.

Yeye pia alikuwa na jina. Alikuwa nalo tangu mwanzo. Lilikuwa limekaa hapa, kooni, na halikutaka kutoka.

Lilikuwa jina la Babu.

Babu alifariki wakati wa mvua kubwa. Bwana alimwita, na Babu akaenda. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, penye migomba. Watu walikuja, wakaimba, wakaomba, wakaenda.

Tangu siku hiyo, hakuna aliyeliita jina lake. Baba alisema "marehemu baba." Bibi alisema "mzee wangu."

Sekela alikuwa na hofu ndogo. Jina lisipoitwa, linakwenda wapi? Na likienda mbali sana, litarudi?

Sekela akainuka. Hakuna aliyemtuma. Akasimama mlangoni, mvua ikimrukia miguuni. Akaita:

"Andulileee!"

Hakuja mtu.

Majani ya migomba tu yalitikisika. Fwa, fwa, fwa.

Bibi akaacha kukoroga. Baba akaweka mkaa chini. Shangazi Tumpe akakaa kwenye kigoda, taratibu.

Sekela akageuka. "Nimekosea, Bibi?"

"Hapana, mjukuu wangu. Hujakosea." Bibi akafuta macho kwa kanga. "Ni vile tu masikio yangu yalikuwa na njaa ya jina hilo."

Kisha akatabasamu. "Ita tena. Ita kwa nguvu. Mzee wangu hakuwa mtu wa kuitika mara ya kwanza."

Sekela akaita tena, kwa nguvu zote:

"Andulileee!"

Safari hii Bibi akacheka kwa sauti, na machozi yakiwa bado shavuni.

Baba akachukua mkaa. Akaandika: Andulile. Akampa Shangazi. Shangazi naye akaandika: Andulile.

"Yamefanana!" alisema Sekela.

"Linasomeka kama linavyosemwa," alisema Baba. "Na hapa mlimani, mwenye jina hili hayupo tena."

"Na maana yake ni nzuri," alisema Bibi. "Amenisaidia. Ndiyo, Mungu amenisaidia."

"La kizee kidogo," alisema Shangazi Tumpe, huku akipenga. "Lakini mimi nitamwita Andu. Andu ni la mjini kabisa."

Wote wakacheka.

Mama hakucheka.

Mama alikuwa anamtazama mtoto. Kisha akainamisha kichwa.

"Mama," alisema Sekela, "hulipendi?"

"Nalipenda sana, mwanangu. Lakini siwezi kulitaja."

Bibi akajipiga paja. Pa! "Jamani! Tumesahau!"

Kweli walikuwa wamesahau. Kwao, mke hataji jina la baba mkwe wake. Halitaji akiwa hai, wala akiwa ameondoka. Ni heshima. Na Mama alikuwa amemheshimu Babu miaka yote.

"Nitamwitaje mtoto wangu?" alisema Mama. "Akikimbilia mtoni, nitasema nini? 'We, ee'?"

Chungu kilisema: fuku, fuku, fuku.

"Basi," alisema Baba kwa upole, "tutafute lingine."

Moyo wa Sekela ukaanguka, puu! Hakutaka jina la Babu liende zake. Lakini hakutaka pia Mama ashindwe kumwita mtoto wake.

Akakaa miguuni kwa Mama. Akafikiri. Akafikiri tena.

"Mama," alisema, "Babu alipokuwa kule kwenye chai, na ndizi zimeiva, ulimwitaje aje kula?"

"Mimi?" Mama akatabasamu kidogo. "Nilikutuma wewe."

"Na alipofika hapa?"

"Nilisema, 'Shikamoo, Baba. Karibu chakula.'"

Sekela akaruka juu. "Basi mwite hivyohivyo! Mwite Baba! Na jina lenyewe likitakiwa, nitume mimi, kama zamani!"

Mama akamtazama Bibi. Bibi akamtazama Mama.

"Mkwe wangu," alisema Bibi, "huyu mtoto amesema."

"Katoto kadogo hivi," alisema Shangazi, "kaitwe Baba?"

"Tulisikie kwanza," alisema Bibi.

Baba yake Sekela alikuwa ametoka kuchukua kuni. Mama akambeba mtoto. Akasimama mlangoni. Kwanza aliona aibu. Kisha akaita:

"Baba!"

"Naam! Nakuja na kuni!" Sauti ilitoka nyuma ya nyumba.

"Si wewe, Baba Sekela!" alisema Mama. "Namwita baba yako!"

Loo, walivyocheka! Shangazi Tumpe alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Baba akaingia na kuni, haelewi kitu, akacheka pia.

Na mtoto? Mtoto akafungua mdomo mdogo. Akapiga miayo. Aaah.

Jumapili ikafika. Kengele ikalia. Ngo! Ngo! Ngo!

Mtoto alivaa kofia ya sufu ya Shangazi. Mama alimbeba mpaka mbele. Sekela alisimama pembeni yake, na viatu vinavyong'aa.

Mchungaji akamwangalia Mama. "Mtoto huyu anaitwa nani?"

Mama akamtazama Sekela.

Watu wakangoja. Mtu mmoja akakohoa. Kanisa lilikuwa kubwa.

Mama akaweka mkono begani kwa Sekela. "Mwanangu," alinong'ona, "nimekutuma."

Watu walikuwa wengi kuliko migomba. Akafungua mdomo. Sauti ikatoka ndogo kama ya kifaranga.

"Andulile."

"Sijasikia, binti," alisema Mchungaji.

Sekela akamfikiria Babu, mbali kule kwenye chai, ambaye hakuwa mtu wa kuitika mara ya kwanza. Akavuta pumzi mpaka tumboni.

"Andulileee!"

Jina likaruka. Likagonga bati la kanisa. Likashuka kwenye mabenchi yote. Wazee waliokaa nyuma, waliomfahamu Babu, wakainua vichwa. "Eee!" walisema. "Eee! Bwana asifiwe!"

Mchungaji akatabasamu. "Sasa nimesikia. Nadhani hata kijiji cha pili wamesikia."

Akachota maji. "Andulile, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Maji yakadondoka. Ti, ti, ti.

"Nyaa!" alilia Andulile.

"Amina!" waliitikia watu wote.

Jioni ukungu ukarudi, ukaizunguka nyumba. Ndani moto ulikuwa mdogo na mwekundu.

Bibi akafumba macho, akaomba polepole. "Bwana, Andulile wetu yuko kwako. Na Andulile wetu yuko hapa. Watunze wote wawili. Amina."

"Amina," alisema Sekela.

Mama akamlaza mtoto. Akamfunika vizuri. "Lala salama, Baba."

Sekela akainama karibu na sikio dogo, lenye joto. Akasema taratibu kabisa:

"Lala salama, Andulile."

Mtoto akalala.

Sekela naye akajifunika blanketi mpaka kidevuni. Ilibidi alale mapema. Kesho alikuwa na kazi: kulikuwa na jina la kuita kutwa nzima.